Mkoba Niliomnunulia Msafiri wa Maka

Tangu nirudi Marangu, kila ninayekutana naye mlangoni pa kanisa ananiuliza kama nilimwahi dada yangu. Wengine wanauliza habari za bahari, na jirani yangu Ndemasi anataka kujua kama ni kweli kwamba Dar es Salaam watu hulala barazani kwa joto. Nimemsimulia huyu mwanzo na yule mwisho, na sasa nasikia safari yangu ikisimuliwa njiani kwa namna nisiyoitambua. Basi nimeiandika. Pokezaneni hizi karatasi, na atakayezimwagia chai asinirudishie.

Kwa vijana wasioijua habari hii: dada yangu Anna aliolewa na fundi cherehani wa pwani, Shabani, akasilimu, akaitwa Amina, wakahamia Kariakoo. Mama yetu alipofariki tulimpelekea habari. Hakuja kuzika. Watu waliponiuliza nilisema sina kinyongo, nikaendelea kusema hivyo hata mwenyewe nikaamini. Lakini sikuwahi kukanyaga nyumbani kwake.

Mwaka huu akaja dereva wa lori na ujumbe wake wa mdomo. Amina na mumewe wamekusanya akiba ya maisha yao na wamepata nafasi katika meli ya kwenda Hija. Desturi yao ni kwamba mtu hatoki kwenda Maka kabla ya kuwaomba radhi ndugu na majirani, na kwa kuwa wazazi hawapo, mimi ndiye mkubwa. "Amesema hivi," dereva akaniambia, akitazama juu kama mtoto anayekariri somo, "kaka asipokuja kunipa radhi uso kwa uso, mimi sipandi meli. Shabani aende peke yake."

Siku na saa ya meli alinitajia. Kesho yake nikaondoka.

Moshi hadi Korogwe

Nawaambia kweli, sikujua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kufurahi namna ile. Gari moshi lilipojivuta kutoka stesheni ya Moshi nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, nikala moshi na vumbi la makaa mpaka mama mmoja akanivuta koti. "Babu, ingiza kichwa, utakipeleka Tanga bila shingo." Mlima wetu ulikuwa umejifunika mawingu. Nikauaga hivyo hivyo.

Kosa langu la kwanza nililikuta hapo hapo. Nilikuwa nimefunga nguo zangu, ndizi za kukaanga na furushi la kahawa katika majani ya mgomba, nikafunga kwa nyuzi za mgomba, kama tunavyofunga mzigo wa kwenda gulioni. Mzigo wa gulioni unafika kabla nyuzi hazijakauka. Huu wangu ulipopata joto la nyikani, nyuzi zikakatika moja moja, na shati langu la Jumapili likaanguka juu ya kuku wa yule mama. Kuku akalikalia kama kiota. Nilimwomba radhi mama, na nadhani ningemwomba kuku pia kama watu wasingekuwa wanacheka.

Nilipotaka maji nikakumbuka sina kikombe. Kila stesheni watoto walipita na debe la maji, na kila aliyekuwa na kikombe alikunywa. Mimi nilikinga viganja, maji yakaishia kwenye mikono ya koti. Nilifanya kazi ya mizani ya kahawa maisha yangu yote, nikapima mizigo ya wengine kwa ratili, na sikuwahi kujiuliza mwenye mzigo anahitaji nini njiani.

Korogwe kijana mmoja wa mashamba ya mkonge alinionea huruma, akanipa kipande cha kamba ya katani. Akanionyesha kufunga: kwanza msalaba, halafu fundo moja unaloweza kulifungua kwa meno ukiwa gizani. Nikambariki.

Basi la matope

Kutoka Korogwe hakuna reli ya kwenda Morogoro. Ni basi, na masika yalikuwa yameshaingia. Tuliketi tukiwa tumebanana, mvua ikipenya paani kwa tundu ambalo, kwa bahati yangu, lilikuwa sawasawa juu ya utosi wangu.

"Mzee, huna kofia?" utingo akaniuliza.

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi imekosa safari nzuri."

Mbele ya kijito fulani basi likazama hadi tumboni. Wanaume tukashuka kusukuma. Kiatu changu cha kushoto kikabaki ndani ya tope, nikakichimbua kwa mikono kama kiazi. Tulilala pale, na usiku wa pili tukalala tena, maana lori lililokuja kutuvuta nalo lilizama nyuma yetu. Dereva aliketi juu ya boneti akivuta sigara, akimwambia kila aliyeuliza, "Mimi ni dereva, si bata."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilitoka nyumbani nikiwa na nafasi ya kutosha; sasa nilikuwa nikihesabu vidoleni, na vidole vinapungua. Akilini nilimwona Amina amekaa juu ya sanduku lake, meli inapiga honi, na yeye hanyanyuki. Huyo ndiye Anna ninayemjua. Alipokuwa mdogo akisema hali chakula, hakula mpaka sisi wengine tushindwe.

Lakini sitawadanganya, kulikuwa na raha pia. Wanakijiji walitoka na mihogo ya kuchoma, pilipili na chumvi ndani ya jani. Nikatoa ndizi zangu, mtu mwingine akatoa dagaa, tukala pamoja kama tumealikwa. Mzee mmoja wa Kizigua aliyekuwa akienda kumtazama mjukuu wake alifungua kijisanduku chake, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: kikombe cha bati, sindano na uzi, kipande cha sabuni ndani ya mkebe, mkasi mdogo, soksi kavu. Alishona kifungo cha mtu, akakata kucha ya mwingine iliyovunjika wakati wa kusukuma, akamkopesha utingo soksi. Watu walimzunguka kama daktari.

"Hivi vyote ulivinunua wapi?" nikamuuliza.

"Kariakoo, bwana. Ukikosa kitu Kariakoo, hakijatengenezwa."

Nikakata shauri pale pale matopeni. Sitaingia kwa dada yangu mikono mitupu. Yeye na mumewe wanakwenda mbali kuliko mimi, nami nimeshaona msafiri anavyoumbuka. Nitawanunulia vitu hivi vyote, viwe ndiyo neno langu kwao. Nililifurahia wazo hilo kuliko nilivyofurahia lori la pili lililokuja kututoa.

Morogoro hadi Dar es Salaam

Gari moshi la Morogoro nililipata kwa kukimbia, koti begani, mzigo kichwani. Nililala nimesimama. Niliamshwa na harufu nisiyoijua, ya chumvi na kitu kilichooza kidogo, na abiria aliyesimama nami akaniambia, "Hiyo ndiyo bahari, bado hujaiona lakini yenyewe imeshakuja kukulaki."

Ilikuwa asubuhi ya siku ile ile ya meli. Meli ingeng'oa nanga jioni. Nikajituliza moyo: nimewahi, tena nimewahi sana. Kumbe kuondoka kwa meli ni jambo moja na kuingia abiria ni jambo jingine, maana kuna daktari, kuna kupima mizigo, na geti hufungwa mapema. Mtu aliyepima kahawa stesheni ya Moshi akitazama magari miaka yote anapaswa kujua hilo. Sikulifikiria.

Kama ningekwenda moja kwa moja kwa Amina, nusu ya haya nisingekuwa nayo ya kuandika.

Sokoni Kariakoo

Nilifuata watu wenye vikapu, nikafika. Ndugu zangu, soko letu la Jumatano ni kikao cha ukoo ukilinganisha na lile. Mchele umemwagwa juu ya mikeka kama vilima, nazi zinapasuliwa, papa mkavu ananuka mtaa wa pili, na kila mtu anaongea kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Nilitembea nikicheka peke yangu. Hamali mwenye mkokoteni alinifokea, "Mzee, cheka ukiwa pembeni!" nikasogea pembeni, nikaendelea kucheka.

Nje ya soko, upande wa Msimbazi, nikamwona mama mnene mwenye kanga za njano, Bi Tatu walivyomwita, amezungukwa na vitu vya safari: mikoba ya ukili ya rangi rangi, makufuli yaliyotundikwa kama mkufu, kamba, vikombe vya bati vyenye maua.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa kuwa sikujua adabu za mji.

"Ah, mvi zako zinanizidi, shikamoo nikupe mimi," akanijibu. "Shikamoo, baba. Unasafiri?"

"Marahaba. Anayesafiri ni shemeji yangu, na mkewe."

"Wanakwenda wapi?"

Hapa ndipo nilipokosea, na sina wa kumsukumia. Mimi ni mzee wa kanisa. Jibu lilikuwa neno moja, nalo lilinikwama. Nikasema, "Mbali. Kwa meli."

"Mbali gani? Unguja? Bombay? Kila mbali ina vitu vyake."

"Wewe nipe tu vitu vya msafiri."

Akanitazama kidogo, akaanza kazi. Alichagua mkoba imara wa ukili wenye mistari myekundu, akavuta mishikio yake kwa nguvu zote kunionyesha haikatiki. Akatia vikombe viwili, kimoja ndani ya kingine ili visile nafasi. Akatia kamba ya katani na kufuli na funguo zake. Mimi nikaongeza vile nilivyoviona kwa Mzigua: sabuni ya kunukia, tena ile inayonukia hasa, mkasi wa kucha, sindano na uzi, soksi nzito. Nikakumbuka tundu la basi, nikatia kofia. Nikakumbuka harufu yetu sote tuliolala matopeni, nikatia kichupa cha marashi.

"Baba, unamwoza huyo shemeji au unamsafirisha?" Bi Tatu akacheka.

Nilibishana bei kwa furaha, nikazunguka kutafuta kioo kidogo cha mfukoni, nikakaa nikala vitumbua na kahawa chungu nikiupapasa mkoba wangu. Nilipoinua macho, kivuli cha paa la soko kilikuwa kimeshageuka.

Nyumbani kwa Amina, mtaa wa Mchikichi, nilikuta mlango umefungwa na jirani anapembua mchele barazani. Nikajitaja. Akauweka ungo chini.

"Wewe ndiye kaka? Mwenzio amekwenda stesheni asubuhi, gari moshi halijafika, akarudi. Akaenda tena, akakuta abiria wameshatawanyika, akarudi. Akasema hukuja na gari moshi. Wamekwenda bandarini tangu adhuhuri. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa sokoni, nikinusa sabuni.

Getini

Kijana wa teksi alinisikiliza nusu ya maelezo, akaondoka kwa kasi ambayo sitaki kuirudia, tukapita Uhindini mpaka forodhani. Mara ya kwanza kuiona bahari niliiona kwa upande, ikikimbia dirishani, na sikuwa na nafasi ya kuistaajabia.

Mbele ya geti watu walikuwa wengi, wanaoaga na wanaoagwa, wengine wakisoma dua, wengine wakikabidhi vikapu vya halua na mikate ya mofa. Pembeni, juu ya sanduku la bati lililofungwa kwa kamba iliyochakaa, alikaa mwanamke mfupi ndani ya buibui, mikono magotini. Shabani alikuwa amesimama karibu naye akimsihi. Miaka ile yote, na nilimjua kwa namna alivyokaa.

"Kaka," akasema. Hakunyanyuka.

"Dada. Nimekuja."

"Nilikwenda stesheni."

"Nimeambiwa. Nisamehe, nilipitia sokoni."

Shabani akacheka kwa nafuu ya mtu aliyetuliwa gunia. "Shemeji, karani ameshatuita mara mbili. Mpe mwenzako neno lake tuingie."

Amina akanishika mkono. Akasema taratibu, kama alivyosema bila shaka kwa kila jirani wa mtaa wake: "Kaka Elia, nakwenda safari ambayo mtu huenda asirudi. Yote niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua, nakuomba radhi."

Nanyi mnajua sisi tunavyojibu mtu akituomba msamaha. Tunamwondolea aibu. Nikasema, "Ah, Anna, hujanikosea kitu."

Akaendelea kukaa.

"Hakuna lolote," nikasema. "Sina kinyongo. Nenda kwa amani."

Akakunja uso. Shabani akanivuta pembeni. "Shemeji, hivyo sivyo. Ukisema hana kosa umemrudishia ombi lake. Yeye anajua analo. Mpe radhi, neno lenyewe."

Nilimwelewa, lakini ulimi ulikuwa mzito. Basi nikafanya jambo jepesi. Nikafungua mkoba. "Kwanza pokeeni hivi, nimewaletea vitu vya safari."

Shabani ni mtu wa pwani na mimi ni shemeji yake. Utani hakuweza kuuacha hata pale. Akachuchumaa, akatoa kimoja kimoja. "Sabuni. Yanukia kama peponi. Nikishavaa ihramu siruhusiwi kunukia." Akatoa marashi. "Haya ndiyo kabisa." Kofia. "Kichwa huachwa wazi." Soksi. "Miguu pia." Mkasi. "Na kucha hazikatwi." Akafika kwenye sindano na uzi, akainua juu mahamali wote waone. "Na huyu ananiletea mimi sindano. Nimeshona suruali za Kariakoo nzima, na siku hizo nitavaa shuka mbili zisizojua uzi. Shemeji, hebu niambie, vitu hivi alikuchagulia Shetani, au ulivinunua dukani kwake?"

Mahamali walicheka mpaka wakatua mizigo. Nikacheka na mimi, huku uso unaniwaka. Kumbe kama ningemtajia Bi Tatu neno lile moja, angenipa mkoba mwingine kabisa.

"Usihuzunike," Shabani akasema, akivirudisha vyote kwa utaratibu. "Melini nitaoga nayo hii sabuni mpaka samaki wanione tajiri. Mkasi nitauhitaji siku ya kumaliza, nywele hupunguzwa. Na kamba naitaka sasa hivi." Akaifungua kamba ya zamani ya sanduku, ilikuwa imebaki nyuzi tatu. Amina ilibidi anyanyuke kidogo ili mumewe aizungushe mpya. Shabani alipomaliza kufunga, yeye akakaa tena.

"Kaka," akasema, "mimi sikukuagiza sabuni."

Karani akapiga kelele getini kwamba waliobaki waingie. Nikaona Shabani amekunja ile kamba kuukuu mkononi anaibana. Akiba yao yote ilikuwa ndani ya safari ile, na mkewe alikuwa ameketi juu yake.

Nikapiga magoti mbele yake, maana nilitaka nimwone uso. Nikasema, "Anna. Hukuja kumzika mama."

Watu waliokuwa karibu wakatupisha. Yeye hakuangalia pembeni.

"Sikuja," akasema.

"Nilimngojea mpaka jioni mtu wa kutupa udongo wa upande wako. Nikautupa mimi. Nimekukasirikia tangu siku ile. Nikimwambia kila mtu sijakasirika."

"Niliogopa, kaka. Nilifika hadi Korogwe. Nikawaza mtakavyoyatazama mavazi yangu pale kaburini, nikashuka, nikarudi. Sikumwambia hata Shabani."

Shabani akamtazama mkewe kama mtu aliyeamshwa.

Korogwe. Kwenye jukwaa lile lile nilipopewa kamba na yule kijana. Na yule aliyemwogopa hakuwa Ndemasi wala mchungaji wetu. Alikuwa mimi, nilijua ningemtazama vipi.

"Nimekusamehe," nikasema. "Hilo, na mengine yote. Radhi zangu unazo."

Akavuta pumzi ndefu. Halafu, bila kupumzika, akaniuliza, "Na wewe? Huna la kuniomba?"

Nikamwomba. Mambo yake mnayajua, maana ninyi nyote mlikuwa na ndugu mjini na mliwatembelea. Mimi ndiye nisiyekwenda. Hakunifanya nisubiri. "Nimekusamehe, kaka," akasema upesi, kama mtu anayekabidhi kitu alichokuwa amekishika tayari mkononi, na hapo hapo akasimama, akajifunga buibui vizuri, akamwambia mumewe, "Haya, beba, mbona umesimama?"

Hamali akalinyakua sanduku. Shabani akautia mkoba begani, mistari yake myekundu ikienda mbele yao kati ya watu. Getini Amina akageuka, akapaza sauti ile ile aliyokuwa akituitia utotoni ng'ambo ya bonde:

"Ufunguo uko kwa jirani! Usilale hotelini, umenisikia? Lala kwangu!"

Mtaa wa Mchikichi

Nilikaa gatini hadi meli ikawa ndogo. Sasa niliitazama bahari kwa haki yake, na Ndemasi, siwezi kukuelezea, nenda mwenyewe.

Jirani alinipa ufunguo bila kuuliza neno, nadhani uso wangu ulikuwa umeshamwambia. Chumba cha dada yangu kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka safi, na juu ya meza ndogo palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa. Chini yake mlikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka, umepoa.

"Aliupika alfajiri," jirani akasema akiwa mlangoni, "kabla hajakwenda stesheni mara ya kwanza. Nilimwambia utaharibika. Akasema kaka yake atakula. Nikupashie moto?"

Nikamwambia asijisumbue. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye mkeka wa Amina, nikala wote.